Utako Okamoto na Dawa Iliyochelewa Kufika Leba

Walichagua damu kwa sababu haikuhitaji kununuliwa. Ilikuwa mwaka 1945, Tokyo imegeuka majivu kwa mabomu ya Wamarekani, na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke walikuwa madaktari vijana waliojikuta kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Keio bila vifaa vya maana. Kemikali zilikuwa adimu, na vitabu vipya kutoka nje havikuwa vimeingia nchini kwa miaka. Walipojiuliza wachunguze nini katika hali hiyo, jibu lilitokana na ufukara wao: wakichunguza damu, siku ikiwapungukia watajitoa yao wenyewe. Bi Utako alilisimulia jambo hilo uzeeni bila kulipamba. Wanasayansi hupenda kusema kwamba waliitwa na mada yao. Yeye alisema tu kwamba ndiyo waliyoimudu.

Alizaliwa Tokyo tarehe 1 Aprili 1918. Alianza kusomea udaktari wa meno, akauacha upesi, akahamia udaktari wa binadamu katika chuo cha udaktari cha wanawake cha Tokyo. Chuo hicho kilikuwa na historia ya ukaidi. Kilianzishwa mwaka 1900 na daktari Yoshioka Yayoi, wakati shule nyingine zilipokuwa zikiwafungia wasichana milango. Utako alihitimu Desemba 1941, mwezi uleule Japani iliposhambulia Pearl Harbor na kuingia vitani na Marekani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa utafiti wa ubongo, chini ya mwalimu mwanamke aliyejitahidi kuwafungulia njia wasichana waliomfuata. Vita vilipokwisha akahamia Keio, na huko mambo yakawa mengine.

Keio ilikuwa nyumba ya wanaume. Wanawake wa Japani walipiga kura ya ubunge kwa mara ya kwanza Aprili 1946, lakini sheria kubadilika ni jambo moja na ukumbi wa madaktari kubadilika ni jambo jingine. Alipoanza kuwasilisha utafiti wake mbele ya wenzake, kuna waliomcheka na kumuuliza kama amekuja kuwachezea ngoma. Siku nyingine alitolewa nje ya mkutano wa madaktari wa watoto kwa hoja kwamba haukuwa mahali pa wanawake na watoto. Nani mwingine basi alistahili kusikiliza habari za magonjwa ya watoto, kama si hao? Hoja haikuhitaji akili, ilihitaji mlinzi wa mlangoni tu.

Wakati huo alikuwa na mtoto mmoja, binti, na hakuwa na pa kumwacha. Akambeba mgongoni, kwa namna ambayo kila mama wa huku kwetu anayejua mbeleko angeitambua, akaendelea na kazi maabara. Alikumbuka kwamba mtoto alikuwa mtulivu. Ni vizuri kuisoma habari hiyo bila kuigeuza sifa: hakuna aliyemsifu wakati ule. Lilikuwa tatizo lake, akalitatua kwa mgongo wake.

Swali walilolishika Utako na Shosuke lilitoka wodi ya wazazi. Japani ya miaka ile ilikuwa ikipoteza wanawake wengi kwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na madaktari walihitaji dawa ya kuizuia. Ili kuelewa walichokuwa wakikitafuta, inabidi tukae kidogo na namna damu inavyoganda.

Mshipa ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale penye tundu na kujibandika. Hapo hapo protini iliyomo ndani ya damu, fibrinojeni, hugeuzwa kuwa nyuzi nyembamba za fibrini, nazo husukana kama wavu wa mvuvi na kunasa chembe za damu mpaka bonge likamilike. Lakini wavu huo haukukusudiwa kudumu. Ungedumu, mishipa ingeziba. Kwa hiyo damu hubeba pia kimeng'enya kiitwacho plasimini, ambacho kazi yake ni kuzikata nyuzi hizo. Kwa kawaida huzunguka kikiwa kimelala, katika umbo la plasiminojeni, kikisubiri kuamshwa. Mwaka 1933 daktari Mmarekani William Tillett alikuwa ameonyesha kwamba bakteria aina ya streptokoki hutoa kitu kinachoyeyusha bonge la damu ya binadamu, na katika miaka ya 1940 ikaeleweka kwamba kitu hicho hufanya hivyo kwa kukiamsha kimeng'enya cha mwili wenyewe.

Sasa mfikirie mzazi. Mimba ikiwa imekomaa, kizazi hupitisha takriban nusu lita ya damu kila dakika, au zaidi. Kondo la nyuma likishatoka huacha kidonda kikubwa chenye mishipa iliyo wazi. Kizazi hujikaza na kuibana, na bonge la damu hukamilisha kazi. Kizazi kisipojikaza sawasawa, au njia ya uzazi ikichanika, damu hutoka kwa kasi ambayo haimpi mkunga muda wa kufikiri mara mbili. Hapo ndipo plasimini huweza kuamka mapema mno. Mwili unagandisha damu kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili unaiyeyusha.

Wazo la akina Okamoto lilikuwa kuuzuia mkono huo wa pili. Hawakutaka kuongeza kitu cha kugandisha damu. Walitaka bonge ambalo mwili umeshalitengeneza liachwe likae. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyofanya dawa yao iwe salama, kama ilivyokuja kubainika miaka sitini baadaye.

Wamarekani walioikalia Japani walikuwa wamefungua maktaba Tokyo, na humo wanandoa hao waliweza kusoma majarida ya nje na kujua dunia imefika wapi. Wakaanza kujaribisha kemikali moja baada ya nyingine, wakitazama ni ipi inayozuia bonge lisiyeyuke. Iliyowapa dalili ya kwanza ilikuwa laisini, asidi amino ya kawaida kabisa iliyomo kwenye nyama na maharage. Nguvu yake ilikuwa hafifu, ila ilionyesha njia. Leo tunajua sababu: plasiminojeni hujishikiza kwenye fibrini kwa kukamata laisini zilizojitokeza juu ya nyuzi zake. Ukiijaza damu kitu kinachofanana na laisini, kimeng'enya kinakamata hicho, na nyuzi zinabaki salama.

Wakaibadili molekuli kidogo kidogo. Katika miaka ya 1950 walipata asidi ya aminokaproiki, iliyokuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya laisini, nayo ikawa dawa halisi inayotumika hospitalini mpaka leo. Mtu mwingine angetulia hapo, akapokea heshima zake. Kasoro yake ilikuwa kwamba mgonjwa alihitaji kiasi kikubwa cha dawa ili imsaidie, kwa hiyo wakaendelea kutafuta. Mwaka 1962 wakachapisha, katika jarida la udaktari la Keio, habari za molekuli mpya yenye nguvu mara 27 ya ile ya aminokaproiki. Baadaye ilibainika kwamba molekuli hiyo ina maumbo mawili na kwamba ni moja tu linalofanya kazi. Hilo ndilo tunaloliita asidi ya traneksamiki.

Basi dawa ikapatikana. Wenye swali lililoizaa, yaani wanawake wanaovuja damu leba, hawakuipata.

Mwaka 1966 Utako alihamia Kobe, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kobe Gakuin kilichofunguliwa mwaka huohuo, akafundisha huko mpaka 1990. Huko alijaribu kuwashawishi madaktari wa uzazi wa eneo lile waipime dawa kwa wazazi. Hakufanikiwa. Tukumbuke kwamba aliyekuwa akiwaomba hakuwa mmoja wao: alikuwa mtafiti wa maabara, tena mwanamke, katika nchi ambayo daktari wa wodi hakuzoea kuelekezwa na mtu wa aina hiyo. Hofu ya dawa inayolinda mabonge ya damu mwilini mwa mzazi, ambaye tayari yumo katika hatari ya mishipa kuziba, haikuwa ya kijinga. Lakini hofu ya namna hiyo huondolewa kwa jaribio, nao jaribio hawakulifanya.

Dawa ikatembea kwingine. Uswidi waliichukua mapema na kuwapa wanawake wenye hedhi nzito. Madaktari wa meno wakaitumia kwa wagonjwa wa hemofilia wanaong'olewa jino, na ni kwa kazi hiyo Marekani iliiidhinisha mwaka 1986. Wapasuaji wa moyo na mifupa wakagundua kwamba inapunguza haja ya kuongezewa damu. Huko kwao Japani iliingia hata kwenye vidonge vya koo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kutumika kwa mabaka meusi ya usoni. Msomaji aliyewahi kukuta jina la traneksamiki kwenye kichupa cha serumu ya uso dukani ajue kwamba ni dawa ileile. Imefika kwenye rafu za urembo bila taabu kabisa. Leba ilisubiri.

Na fedha nazo zilikuwa na neno. Kadiri miaka ilivyopita hataza ziliisha muda, na kiwanda chochote kiliweza kuitengeneza na kuiuza kwa bei ndogo. Kwa mgonjwa hiyo ni heri. Kwa kampuni ya dawa maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kutumia mamilioni kuithibitisha halafu akayarudisha. Dawa ya bei ndogo, ya kutibu wanawake ambao wengi wao hufia katika nchi maskini: sioni ajabu kwamba hakuna aliyeikimbilia.

Walioikimbilia hatimaye hawakuanzia kwenye uzazi. Katika Shule ya London ya Usafi na Tiba za Kitropiki, Ian Roberts, daktari wa watoto aliyehamia utafiti, na Haleema Shakur walikuwa wakitafuta dawa ya majeruhi, hasa wa ajali za barabarani. Walisoma kwamba traneksamiki inapunguza kuvuja damu kwenye upasuaji, wakauliza swali jepesi: kisu cha mpasuaji na chuma cha gari, kwa mshipa, tofauti yake nini? Wakakusanya majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Nusu walipewa dawa, nusu wakapewa maji ya chumvi yasiyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Matokeo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Kati ya waliopata dawa walikufa asilimia 14.5, na kati ya wasioipata asilimia 16. Mabonge hatari kwenye mishipa hayakuongezeka. Jambo moja zito likajitokeza baada ya hapo: faida ilikuwa kwa waliochomwa sindano ndani ya saa tatu tangu kuumia. Baada ya hapo haikusaidia, na kuna dalili kwamba iliweza hata kudhuru. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa wazazi, kazi ilianza Machi 2010, na hapa historia ya maabara ya Tokyo inaingia kwetu. Jaribio hilo liliitwa WOMAN na lilihusisha hospitali 193 za nchi 21. Tanzania ilikuwemo, na Kenya, na Uganda, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Nigeria, Pakistan na nyingine. Wanawake 20,060 waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua, wengi wao katika wodi ambazo damu ya kuongezea haipatikani kwa kuagiza tu, waliingizwa katika utafiti. Swali la Kijapani la mwaka 1945 lilijibiwa hasa na miili ya wanawake wa Afrika na Asia. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu katika masimulizi ya dawa hii majina yanayotajwa ni ya watafiti tu, nami pia nimefanya hivyo mpaka hapa.

Watafiti wa London walimfuata Bi Utako Japani, naye akiwa amevuka miaka 90. Shosuke alikuwa amefariki mwaka 2004, na yeye akaendelea kuongoza kikundi cha Kobe cha utafiti wa kuganda kwa damu mpaka 2014. Walipomweleza kuhusu jaribio, aliwajibu kwa utulivu kwamba hata kabla halijaanza alijua kuwa dawa itafanya kazi. Ingeweza kuwa kiburi kwa mtu mwingine. Kwake ilikuwa hesabu iliyokwisha kukokotolewa zamani, inasubiri kusahihishwa.

Alifariki tarehe 21 Aprili 2016, akiwa na miaka 98. Mwezi huohuo jaribio lilimaliza kupokea wanawake. Matokeo yalichapishwa Aprili 2017, mwaka mmoja baada ya mazishi yake.

Yalikuwa matokeo ya kusomwa kwa makini, na walioyatangaza kwa vigelegele tu waliyapunja. Watafiti walikuwa wamepanga kupima vifo na kuondolewa kizazi kwa pamoja, na kwa kipimo hicho dawa haikuonyesha tofauti. Sababu yake inaeleweka: katika hospitali nyingi uamuzi wa kutoa kizazi hufanywa dakika zilezile mgonjwa anapoingizwa kwenye utafiti, kabla sindano haijapata nafasi. Lakini ukitazama vifo vya kuvuja damu peke yake, waliokufa kati ya waliopata dawa ni 155, na kati ya wasioipata ni 191. Waliochomwa ndani ya saa tatu ndio walionufaika zaidi: vifo 89 kwa upande mmoja, 127 kwa upande wa pili. Uchambuzi uliofuata, uliounganisha wazazi na majeruhi, ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10. Shirika la Afya Duniani halikusubiri sana. Mwaka huohuo wa 2017 lilielekeza kwamba kila mzazi anayevuja damu nyingi apewe gramu moja ya traneksamiki kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa tatu, pamoja na matibabu mengine. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, au ikirudi ndani ya saa 24, anaongezwa gramu nyingine.

Si kila lililojaribiwa baadaye lilifaulu. Swali lililofuata lilikuwa kama dawa ikitolewa mapema, kabla damu nyingi haijaanza kutoka, itamkinga mwanamke mwenye upungufu wa damu. Wanawake zaidi ya 15,000 wa Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan walishiriki, na jibu lililotoka mwaka 2023 lilikuwa hapana: haikupunguza idadi ya waliovuja damu nyingi. Kwa hiyo hii ni dawa ya kutibu. Kumchoma kila mzazi kwa kujihami hakukupata ushahidi.

Mwaka huohuo ulileta habari nyingine, na kwangu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaowekwa chini ya mzazi, ili damu inayotoka ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Kipimo kikionyesha hatari, hawangoji kuona dawa ya kwanza imeshindwa ndipo wajaribu ya pili. Hufanya yote pamoja: kukanda kizazi, dawa ya kukikaza, asidi ya traneksamiki, maji ya dripu, na kumkagua mzazi kutafuta chanzo. Jaribio lilihusu zaidi ya wanawake 210,000. Pale pasipo na mpango huo, waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, au kupasuliwa ili damu izuiwe, au kufa kwa kuvuja damu, walikuwa asilimia 4.3. Penye mpango walikuwa asilimia 1.6. Wakadiriaji kwa macho walikuwa wakigundua karibu nusu tu ya wanawake waliokuwa hatarini, na wapimaji kwa mfuko waligundua zaidi ya asilimia 90.

Utako Okamoto hakuwahi kuiona hesabu hiyo. Sisi tunayo, na kazi iliyobaki haihitaji maabara. Kama kwenu kuna mjamzito, kabla tarehe zake hazijafika nenda naye kwenye kituo atakachojifungulia muulize mambo mawili: je, traneksamiki ipo kabatini leo, na nani mwenye ufunguo usiku? Saa tatu zinaanza kuhesabiwa tangu mtoto anapozaliwa.